Mama Mkwe Ndani ya Faili

Vijana, mimi shule niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa sababu mwalimu mkuu alichoka kuniona. Nalisema mapema msije mkaambiwa na mtu mwingine mkadhani nimeficha. Lakini katika mji mzima wa Shinyanga, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, mtu wa kwanza kuendesha seva katika kampuni ya mtu binafsi ni mimi, Mabula. Kama yupo aliyenitangulia, ajitokeze. Nimemngoja miaka yote hii nikiwa hapa dukani kwangu Nyahanga, nauza nyaya na swichi, na bado hajafika.

Seva, kwa ninyi mliozaliwa mkakuta simu ziko mfukoni, ilikuwa kompyuta moja kubwa iliyokaa chumba chake peke yake na kupepewa na feni kuliko bosi mwenyewe. Kompyuta nyingine zote za ofisini ziliunganishwa nayo kwa waya mmoja mweusi uliotambaa ukutani kama siafu. Ndani yake yalikaa mafaili ya kampuni nzima, pamoja na orodha ya watu: nani ni nani, neno lake la siri ni lipi, anaruhusiwa kufungua nini na nini asiguse hata kwa jicho. Ninyi leo mnasema vitu vyenu viko hewani. Vyetu vilikuwa chumbani, mlango una kufuli, na ufunguo ulining'inia shingoni mwangu. Hata nikienda kuoga ulikuwepo.

Nilitoka kwenye maduara ya dhahabu, yale machimbo ya wachimbaji wadogo kule Geita, nilikokuwa natengeneza pampu za kuvuta maji mashimoni. Bwana Hasham, mfanyabiashara wa Kihindi ambaye familia yake ilikuwa Shinyanga tangu enzi za babu yake, akaniajiri nimtunzie jenereta. Kampuni yake ilipeleka vyakula kwenye kambi za watafiti wa madini ukanda wa Geita: unga, maharage, mafuta, sabuni, vitunguu. Huyu Bwana Hasham alisema Kisukuma kuliko vijana wengi wa mjini. Ukimsikia ukiwa umempa mgongo, utaapa ni mzee wa Songwa anabishania bei ya dume mnadani.

Siku seva ilipoletwa, ililetwa na fundi kutoka Mwanza, dada mmoja aitwaye Consolata, mwembamba kama ufito, mwenye sauti ya mkuu wa gwaride. Kazi yangu ilikuwa kuwasha jenereta umeme ukikatika. Basi mkono ukawa kwenye jenereta, jicho kwenye vidole vyake, mdomo kwenye maswali. Alipomaliza akamwambia bosi, "Huyu mtu wako wa jenereta haniachi hata nile. Mkabidhi yeye mashine, labda atanyamaza."

Nikakabidhiwa. Sikunyamaza.

Consolata aliniachia mambo mengi, lakini moja lishikeni hata kama mengine mtayasahau. Mwisho wa ule waya mweusi kulikuwa na kizibo, kitu kidogo kama kofia ya valvu ya tairi. Aliniambia, "Mabula, hiki kikitoka, mtandao mzima umekufa. Si kompyuta moja, zote. Kabla hujamlaumu mtu, kabla hujaita fundi, kabla hujalia, nenda ukaguse kizibo." Kizibo chetu kilikuwa chini ya meza ya karani wa oda. Kumbukeni hapo, tutarudi.

Kazi ya kwanza ikawa kuwafundisha watu. Wengi walikuwa hawajawahi kugusa kompyuta, waliiogopa kama kichaa aliyelala. Mimi nikabuni njia yangu, na hadi leo sijaona mwalimu aliyenipita. Nikawakusanya, nikawaambia: "Seva ni kaya. Mnaijua kaya? Ina ua, ina nyumba, nyumba ina vyumba. Folda ni nyumba, faili ni chumba. Neno la siri ni ufunguo wako. Kuna chumba unaingia na chumba huingii, hata kama ni kaya ya baba yako. Na mwenzako akiwa chumbani, wewe ungoje nje mpaka atoke."

Wakaelewa siku ileile! Bosi alipita mlangoni akatikisa kichwa. "Mabula," akasema, "ungekuwa padri, kanisa lingejaa."

Maneno ya siri yalinisumbua kidogo, kwa sababu kila mmoja aliweka jina la ng'ombe wake ampendaye, na kwetu hakuna asiyejua ng'ombe wa mwenzake. Nikapiga marufuku ng'ombe. Wakahamia mbuzi. Nikaacha.

Kisha majina ya watumiaji. Consolata alitaka niandike majina mafupi yenye namba, kama magari. Nikakataa. Mtu mzima ana mtoto, ana heshima yake, halafu nimwite kama lori? Kila mzazi nikamwandika kwa jina la mwanawe. Mimi nilikuwa Baba Minza. Mkuu wa ghala, mama mmoja mnene, mpole, mwenye kumbukumbu ya kila gunia lililowahi kupita mikononi mwake, nikamwandika Mama Mbuke. Aliliona jina lake linang'aa kwenye kioo, akacheka mpaka akashika meza. "Kumbe hata mashine inanijua!"

Hakuna ofisi iliyokwenda vizuri kama ile. Mama Mbuke akifungua faili la stoo asubuhi, anaingiza kilichopo. Akitoka, karani wa oda, kijana aitwaye Sospeter, anafungua faili hilohilo, anaandika kinachokwenda kambini, anachapa karatasi za mzigo, lori linaondoka. Mmoja akiwa ndani, mwingine akijaribu kuingia, kioo kinamwambia, "Faili linatumiwa na Mama Mbuke," au "linatumiwa na Sospeter." Kutazama tu inakuruhusu, lakini ukitaka kuandika, unangoja, unaingia. Nilitembea mjini kifua mbele. Watu walianza kuniita Bwana Seva, na sikuwakataza.

Halafu Sospeter akamuoa Mbuke.

Tulikula harusi, tulicheza, mimi nilicheza kuliko bwana harusi. Baada ya siku chache za mapumziko kijana akarudi kazini, na kuanzia hapo oda zikaanza kulala. Lori linangoja, karatasi hakuna. Namkuta Sospeter ameketi mbele ya kioo, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali.

"Vipi, mtandao?"

"Labda mtandao, Baba Minza."

Nikagusa kizibo. Kizima. Nikafuata waya mzima kwa magoti, kutoka ofisi ya mbele hadi chumba cha seva, nikatoa utando wa buibui, nikakuta na mjusi mmoja, naye hakuwa na kosa. Nikabadilisha waya. Nikazima seva, nikaiwasha. Oda bado zimelala. Nikampigia Consolata Mwanza, akaniuliza, "Umegusa kizibo?" Nikamwambia dada, hicho kizibo nimekigusa mpaka kimeng'aa.

Mwishowe Sospeter akanivuta pembeni, nyuma ya jenereta, mahali ambapo mtu hasikiki.

"Baba Minza, acha kutambaa. Mtandao hauna tatizo. Mama yumo ndani."

"Mama nani? Ndani wapi?"

"Mama mkwe. Yumo ndani ya faili."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Ni wewe uliyetufundisha," akasema. "Faili ni chumba au si chumba?"

"Ni chumba, ndiyo, lakini..."

"Na mashine inaniambia Mama Mbuke yumo. Nimefungua mlango, nimemkuta mama mkwe wangu chumbani. Mimi nkwilima, mkwe wake! Juzi nilifanya hivyo kwa bahati mbaya, nikakosa hamu ya kula. Halafu akitoka, niingie palepale alipokuwa, pengine hata hajapoa? Nitamwambia nini mzee wangu?"

Vijana, ninyi mnaokaa na mama mkwe sebuleni mnagombania rimoti, hili hamlielewi. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakutani. Ukimwona anakuja njia ileile, unaingia porini. Hamli pamoja, hamketi pamoja, hamwitani. Si chuki, ni heshima nzito kuliko gunia la pamba. Na pale ofisini walikuwa wamelipanga vizuri kabisa: mama anapita mlango wa nyuma wa uani, kijana anapita wa mbele, chai wanakunywa kwa zamu. Jengo zima halikuwakutanisha. Kilichowakutanisha ni seva yangu.

Sasa mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nikaona ni jambo dogo: chumba kimoja kimeleta shida, jenga vyumba viwili. Nikanakili faili, la mama likawa lake, la Sospeter likawa lake, kila jioni mimi nayalinganisha. Vijana, sikieni kanuni hii, niliinunua kwa aibu: faili moja lenye nakala mbili ni mashahidi wawili waongo. Katika kuyalinganisha, vitunguu vilihesabika pande zote mbili, na unga ukapotea pande zote mbili. Lori likafika kambini Geita na vitunguu, vitunguu, na tena vitunguu. Mpishi wa kambi akapiga simu ya upepo. Alianza kwa salamu, kama ilivyo desturi, halafu akaacha desturi.

Bwana Hasham akaniita ofisini. Hakupandisha sauti, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Mabula, wale wa kambi wamesema kosa jingine moja wanatafuta mtu mwingine. Na mimi nasema hivi: kosa jingine moja, mashine ile naiuza, tunarudi kwenye disketi na mtu wa kuzibeba, na wewe unarudi kwenye jenereta."

"Bosi, tatizo si seva, tatizo ni ukwe."

"Ukwe naujua, nimezaliwa hapa. Usiniambie nimvunjie mtu heshima. Wewe si ulisema umeijenga kaya? Basi kuwa mwenye kaya."

Kurudi kwenye jenereta! Mimi Bwana Seva, ninayesalimiwa na karani wa benki!

Nikampigia Consolata. Alicheka mpaka nikahesabu gharama ya simu. Kisha akasema, "Nilikuambia utumie namba. Futa hilo jina la Mama Mbuke, mwite Mtumiaji Saba. Kijana hatajua ni nani yumo."

Nikafanya. Asubuhi Mama Mbuke akaja chumbani kwangu, amesimama mlangoni, khanga ameikaza kiunoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mabula, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mama."

"Mbona umenivua mtoto? Jana nilikuwa Mama Mbuke. Leo mimi ni Saba. Ningekuwa tasa ungeniita nani, Sifuri?"

Na Sospeter naye, upande wake: "Baba Minza, zamani nilijua yumo au hayumo. Sasa mashine inasema yumo Mtumiaji Saba, na mimi sijui Saba ni nani. Huenda ni yeye. Kwa hiyo sasa siingii kabisa."

Nikamrudishia mama jina lake kabla ya saa ya chai.

Ufumbuzi haukutoka Mwanza wala kwenye kitabu. Ulitoka kichwani humu mnamoona mvi. Nilijikumbuka mimi mwenyewe nikienda ukweni. Nilikuwa sifiki mlangoni. Nasimama mbali, langoni pa ua, nakohoa. Wa ndani anasikia, anajiondoa, mtu mwingine anasema pita. Basi! Seva ilikuwa na amri ya kutuma mstari mmoja wa maneno kutoka kompyuta hii kwenda ile, ukatokea kwenye kioo na mlio, piii. Tuliitumia kuambiana chai imeiva. Nikasema, hiki ndicho kikohozi.

Sospeter akashtuka. "Nimwandikie mimi? Nimsemeshe?"

"Husemi wewe. Lango linasema."

Nikaingia kwenye orodha ya watumiaji, nikaumba mtumiaji asiye mtu, nikampa jina LANGO. Sospeter akibonyeza kitufe, LANGO linaandika kwenye kioo cha mama: "Kuna mgeni langoni." Mama anahifadhi kazi yake, anatoka kwenye faili, anabonyeza chake, LANGO linaandika kwa kijana: "Apite." Hakuna aliyemwita mwenzake, hakuna aliyemkuta mwenzake. Tena nikaweka ngoja kidogo katikati, chumba kipoe.

Ikafanya kazi kama saa. Lori baada ya lori, hakuna kitunguu kilichopotea njia. Wengine ofisini wakaipenda, wakaanza nao kubisha hodi kabla ya kufungua faili la mtu. Mimi kifua kikarudi mahali pake.

Sasa sikieni siku yenyewe.

Ilikuwa mchana, lori la kambini linapakiwa uani, limesogezwa nyuma mpaka limeziba mlango wa nyuma. Mara simu ya upepo ikalia. Mpishi wa kambi. Kuna wageni wamewasili, anataka unga uongezwe, maharage yaongezwe, "na vitunguu, msilete hata kimoja, hata cha kuonja." Lazima karatasi zichapwe upya, maana getini kambini lori lisilolingana na karatasi zake hurudishwa. Bwana Hasham akaja mwenyewe akasimama nyuma ya Sospeter. Nilijua amekuja kulitazama lile kosa jingine moja kwa macho yake.

Sospeter akabonyeza. Kuna mgeni langoni. Kimya. Akabonyeza tena. Tukasikia piii, piii kutoka chumba cha mama, chumba kitupu. Mama Mbuke yuko ghalani, ameliacha faili wazi.

"Mtoe," bosi akaniambia. "Si una uwezo?"

Uwezo ninao. Mwenye seva anaweza kumtoa mtu yeyote. Lakini ukimtoa mtu kwa nguvu, alichoandika bila kuhifadhi kinapotea, na alikuwa ameandika mzigo wa asubuhi nzima. Na Sospeter alinishika mkono, jasho linamtoka. "Baba Minza, umtoe mama mkwe wangu chumbani kwa nguvu, mimi nimesimama nangoja kuingia? Mbuke atarudi kwao leo, na mimi nitamsindikiza!"

Nikakimbilia ghalani. "Mama, faili!" Akashuka juu ya magunia kama msichana. Akaelekea mlango wa nyuma, lori. Njia ikabaki moja tu, ofisi ya mbele. Mimi kwa haraka sikufikiri, nikamwongoza, tukaingia.

Sospeter akamwona mama mkwe wake uso kwa uso, hakuna pori la kuingilia. Akaingia chini ya meza.

Mnakumbuka kilichokuwa chini ya meza.

Vioo vyote vikaganda. Kutoka vyumba vingine sauti zikaanza, "Jamani, yangu imekufa!" "Na yangu!" Nje dereva akapiga honi. Bwana Hasham akanitazama, nikaona jenereta machoni mwake.

"Sospeter," nikasema, "umeking'oa kizibo. Kirudishe."

Atajibuje, mama anasikia? Atokeje, mama amesimama? Na mimi nikiinama meza imebana, mwili wangu hauingii. Nilikuwa nimeshaanza kula mshahara. Nikamweleza kwa maneno, geuza hivi, sukuma vile. Nikasikia kitu kinagonga kitu, na kijana anapumua.

Ndipo Mama Mbuke akajitanda khanga kichwani, akatugeuzia sote mgongo, akauelekea ukuta.

"Wewe ukuta," akasema, "mwambie aliye chini ya meza, kwanza vile vijino viwili viingie kwenye mianya yake, ndipo azungushe kulia. Akilazimisha atakivunja. Huyo anayefagia hukitoa kila wiki, na kila wiki nakirudisha mimi, alfajiri kabla watu hawajaja."

Kumbe! Na mimi nilikuwa nikijisifu kwamba mtandao wangu haukatiki.

Kisha, kutoka chini, sauti ndogo ya mtu mwenye adabu:

"Wewe meza, mwambie ukuta kimeingia."

"Ukuta umesikia," akasema mama, na akaenda zake chumbani, hakugeuka nyuma. Vioo vikafufuka. Akahifadhi kazi yake, akatoka. Piii. Apite. Sospeter akatoka chini ya meza na utando wa buibui masikioni, akaketi, akaandika, akachapa, hesabu sawasawa. Lori likaondoka.

Bwana Hasham alikuwa amekaa kwenye gunia mlangoni, anacheka machozi. "Mhola?" akaniuliza.

"Mhola duhu, bosi." Salama tu.

"Basi iache mashine yako. Disketi haiwezi kuongea na ukuta."

Tangu siku ile sikuwahi kugusa jenereta tena, ila kuwaonyesha wageni.

Wakati wa mavuno uliofuata Mbuke akajifungua mtoto wa kiume. Katika ukoo wao mjukuu akishapatikana, ule ukuta hupungua urefu. Asubuhi Sospeter alirudi kazini, nami nilikuwa nimesimama nyuma yake nampa hongera. Akabonyeza kitufe chake kama kawaida, akaweka mikono mapajani, akangoja. Kuna mgeni langoni.

Piii. Lakini safari hii halikujibu LANGO. Jina lililokuja juu ya kioo lilikuwa la mtu, herufi kubwa, MAMA MBUKE, na chini yake:

"Ingia tu, baba. Nami nimo. Tazama, ila usiguse vitunguu."